Kadi inaishia Morogoro, ugonjwa unaenda Dar

Ukitoka Morogoro mjini kwa barabara ya Bigwa, ukapita Mkuyuni, kabla hujafika Mvuha utaviona vilele viwili vya mawe vimesimama bega kwa bega. Kwa Kiluguru, matombo ni maziwa ya mwanamke, na mahali penyewe pakaitwa hivyo. Mama mkubwa wangu anaishi chini ya vilele hivyo. Alikatwa ziwa la kushoto kwa saratani, akamaliza dripu zote sita za dawa, akapigwa mionzi, na leo analima magimbi yake na kubandua mdalasini kama zamani. Wageni wakija kumjulia hali na nyuso za msibani, yeye ndiye huwatoa wasiwasi. Huunyooshea mlima kidole akasema: ule bado unayo mawili, mimi nimebaki na moja, na wote tumesimama.

Siku moja nikiwa kwake, redio ikaanza kuzungumzia bima ya afya kwa wote. Akaniambia niongeze sauti. Alisikiliza mpaka mwisho huku akimenya ndizi, kisha akauliza swali moja tu: hiyo bima inalala wapi?

Nikadhani sijamsikia vizuri. Akarudia. Alikuwa na maana kwamba mionzi yake ilikuwa siku 25, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano mfululizo. Matibabu yenyewe kila siku yalikuwa ya dakika chache. Saa zilizobaki katika siku, na siku zote za Jumamosi na Jumapili, alikuwa mtu wa Matombo aliyekaa Dar es Salaam bila kazi, bila shamba, bila kitanda chake. Alilala kwenye godoro sebuleni kwa ndugu Mbagala, akiamka kabla ya watu wa nyumba ili awapishe wapate kupita. Kifuani alikuwa amechorwa alama za wino ambazo aliambiwa asizifute, kwa hiyo alioga kwa kujipangusa na kitambaa, na ndani ya daladala aliinua mkono juu ya bega ili watu wasimgonge pale palipoungua. Bili ya hospitali haikuwahi kumtoa machozi. Machozi yalimtoka siku aliyosikia, kwa bahati mbaya, mwenyeji wake akihesabu unga.

Tangu siku hiyo kila nikisoma habari za mageuzi ya bima nazisoma kwa swali lake. Nimezungumza na familia nyingine za huku zilizouguza saratani, waliobaki na mgonjwa wao na waliomzika. Sijakutana na hata moja inayopinga bima. Ila hesabu wanayoifanya wao siyo ile inayofanywa Dodoma. Dodoma wanahesabu kuanzia dirisha la hospitali. Matombo hesabu inaanza pale gari linapopiga honi alfajiri.

Tukumbushane kidogo tulikotoka. Uchangiaji wa gharama za matibabu ulianza mwaka 1993, na saratani ikawekwa katika magonjwa yenye msamaha. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ukaundwa kwa sheria ya 1999, ukaanza na watumishi wa serikali. Kwa wakulima ikaja CHF, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, na ilipoboreshwa kuanzia 2018 kaya ya watu sita ikawa inalipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Bei nzuri, hata kwa mtu anayeuza mananasi. Lakini kadi ile ilikuwa na mpaka: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya mkoa, basi. Mionzi haipo hospitali ya mkoa. Mionzi ipo Ocean Road, katika taasisi iliyokaa kwenye majengo ya hospitali ya Wajerumani ya karne ya 19 pembeni ya bahari, na kwa miaka mingi ilikuwa peke yake nchini kabla Bugando kule Mwanza haijapata mashine zake. Kwa hiyo mwanachama wa CHF mwenye saratani alikuwa na kadi iliyoishia Morogoro na ugonjwa uliokwenda Dar. Huko alikutana na msamaha, kwa maana ya kwenda kwa ofisa ustawi wa jamii, kujieleza, kuaminika, na siku dawa inapokosekana stoo, kupewa karatasi akanunue nje.

Kisha ikaja Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Muswada ulifika bungeni Septemba 2022 ukizungumziwa kwa shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita, na ukiwa na vifungu vya kumfungia mtu huduma nyingine kama hana bima. Wabunge na wananchi wakapiga kelele, ukarudishwa, ukasukwa upya, ukapita Novemba 2023. Katika kampeni za 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akaahidi kuuanzisha mpango ndani ya siku 100, na serikali kuwabebea wasio na uwezo gharama za vipimo na matibabu ya kibingwa, saratani ikiwemo. Ni ahadi kubwa, na mimi ni miongoni mwa wanaotaka itimie. Ndiyo maana naandika.

Chukua dripu. Mama mkubwa alipewa sita, moja kila baada ya wiki tatu. Wakati ule treni ya SGR ilikuwa haijaanza, alikwenda na basi, lakini tufanye hesabu kwa treni ya leo ambayo ni ya haraka. Nauli ya daraja la kawaida kati ya Morogoro na Dar ilipoanza, Juni 2024, ilikuwa shilingi 13,000. Mgonjwa wa dripu hasafiri peke yake. Akirudi anatapika, anapata kizunguzungu, anahitaji mtu. Watu wawili, kwenda na kurudi, ni 52,000. Mara sita ni 312,000. Hapo sijagusa gari la Matombo hadi mjini, pikipiki ya kushuka kutoka mlimani, bajaji ya kutoka stesheni, chai, wala usiku mmoja wa kusubiri majibu ya damu. Yaani nauli ya treni peke yake, kwa dripu peke yake, inakaribia ile 340,000 iliyowafanya wabunge waseme wananchi hawawezi. Kama kaya haiwezi kulipa 340,000 ya bima, inawezaje kulipa 312,000 ya treni, na hiyo bima isiitambue?

Nilipomweleza mwalimu mstaafu mmoja hesabu hii, alicheka kicheko kisicho na furaha. Yeye ana kadi ya NHIF ya kustaafia, nzuri, inayompokea popote. Mkewe alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Kadi ilifanya kazi yake yote, hana lawama nayo. Lakini anasema aliuza ng'ombe wawili mkewe akiwa na bima. Sikuhitaji kumuuliza waliuzwa kwa ajili ya nini.

Jambo la pili linalowachanganya watu wa huku ni neno lenyewe, kaya. Kwenye mpango huu kaya ni mchangiaji, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne. Ni kaya ya picha ya ukutani. Uluguru ukoo unafuata mama. Shamba ni la ukoo wa mama, mjomba ndiye mwenye neno zito, na bibi anaweza kuwa analea wajukuu watano wa mabinti watatu walioko Dar, Ifakara na Kilosa. Huyo bibi ni mchangiaji au mtegemezi? Wajukuu ni wa kadi yake au ya mama zao? Na mama zao, wasiokuwa na ajira, wanaandikwa wapi? Mama mkubwa alipougua, waliokaa kikao ni mjomba, dada zake wawili na sisi watoto wao. Mumewe alikuwepo, akasikiliza, akachangia alichokuwa nacho, lakini kikao kilikuwa cha ukoo. Tulichanga watu 14. Kwa karatasi za bima, kati yetu 14 waliokuwa kaya yake ni mmoja.

Na shamba la ukoo haliuzwi. Hilo lina uzuri wake, maana mgonjwa akipona anakuta bado ana pa kulima, na nimeona sehemu nyingine saratani ikila ekari zote kabla ya kumla mtu. Ila maana yake ni kwamba fedha ya kuuguza inatafutwa kwenye vinavyoota juu ya shamba: mdalasini, karafuu, pilipili manga, mikungu ya ndizi. Mdalasini hubanduka vizuri wakati wa mvua, gome likiwa na maji. Ugonjwa hausubiri mvua. Mwaka ule tulibandua kiangazi, magome yakatoka vipande vipande, na mnunuzi akajua tuna shida.

Sheria inasema wasio na uwezo watalipiwa, na fedha zitatoka kwenye vyanzo kama ushuru wa soda, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Safi kabisa; kijana anayebeti pale stendi kila jioni atakuwa amemchangia bibi yake bila kujua. Tatizo ni nani asiye na uwezo, na lini. Utambuzi wa kaya maskini tunaoujua vijijini ni ule wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii: mkutano wa kijiji, orodha, dodoso. Mama mkubwa asingeingia. Alikuwa na nyumba ya bati, mdalasini, na mbuzi. Miezi kumi baadaye mbuzi hakuna, mdalasini umebanduliwa kabla ya wakati, na mwanaye wa mwisho ameacha kwenda shule ya bweni. Saratani inamchukua mtu mwenye uwezo wa wastani na kumfanya maskini kwa msimu mmoja wa kilimo, halafu orodha ya maskini inapitiwa baada ya miaka. Kama mpango huu utampima mgonjwa wa saratani kwa bati lililo juu ya nyumba yake, utawaacha nje wengi wa wale ulioundwa kwa ajili yao. Jibu jepesi lipo, na halihitaji dodoso: majibu ya kipimo cha kinyama yakisema saratani, mtu huyo na aliyemsindikiza wahesabiwe hawana uwezo mpaka matibabu yaishe.

Kuna hofu nyingine, na hii nimeisikia zaidi kwa waliopona. Msamaha wa zamani, pamoja na foleni zake na kujieleza kwake, haukuwa na tarehe ya kuisha. Bima inaisha kila mwaka. Mwanamke wa saratani ya matiti akimaliza mionzi, mara nyingi anapewa kidonge cha tamoksifeni anywe kila siku kwa miaka mitano. Ni vidonge 1,825 na ushee. Ni kadi tano za mwaka mmoja mmoja. Mwaka wa tatu mvua zikigoma, ndizi zikanyauka, kaya ikashindwa kulipia, nani atamwambia uvimbe usubiri kadi mpya? Kwa mtu wa Dar aliyepona na ana kazi ofisini, mwajiri atakata mshahara. Wa Matombo atakatwa wapi?

Sitaki msomaji adhani upande wetu hauna kosa. Kijana mmoja wa bodaboda aliniambia wazi kwamba hawezi kulipia ugonjwa ambao hajaupata, na wenzake kijiweni wakamshangilia. Ndiyo mawazo ya wengi. Elfu thelathini ya CHF ilikuwa bei ya mchango wa harusi moja, tena mchango wa mtu asiye ndugu wa karibu. Tulichangia harusi. Watoto nao walikuwa na Toto Afya Kadi ya shilingi 50,400 kwa mwaka. Machi 2023 NHIF ikasitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja kwa sababu wazazi walikuwa wanakata kadi wakiwa tayari wameshapanga foleni ya upasuaji. Nani kati yetu hajafanya hivyo au hajamshauri mtu afanye? Bima inayochangiwa na wagonjwa peke yao siyo bima, ni mchango wa msiba uliowahi. Kwa hiyo nakubaliana na serikali kwamba kila mtu aingie, mzima na mgonjwa. Ninachosema ni kwamba mtu mzima ataingia akiona kadi ya jirani yake mgonjwa imefanya kazi hadi mwisho wa safari. Akiona jirani ana kadi na bado anauza mbuzi, atabaki kijiweni.

Matombo ina kumbukumbu ndefu ya mipango mizuri iliyopangwa mbali. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani ili udongo usimomonyoke. Nia ilikuwa kuokoa udongo na mito. Hawakuulizwa wenye jembe, ambao walijua kwamba kwenye mteremko ule ukifukua chini unazika udongo mzuri na kupanda juu ya mbaya. Mwaka 1955 watu walikusanyika hapa hapa Matombo kukataa, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Matuta yakaachwa. Silinganishi bima na matuta, bima tunaitaka. Nasema tu kwamba wazee wa huku wakisikia mpango umekuja na kila kitu kimeshapangwa, huwa wananyamaza kwanza, na ukimya wao siyo kukubali.

Majirani zetu wametangulia na tunaweza kuona walipojikwaa. Kenya ilifunga NHIF yake na kuanza mpango mpya wa bima, SHA, tarehe 1 Oktoba 2024, kwa makato ya asilimia 2.75 ya kipato. Kwa saratani kikomo kilipoanza kilikuwa shilingi za Kenya 550,000 kwa kaya kwa mwaka, na wagonjwa wakalalamika kwamba fedha inaisha katikati ya dripu. Tazama tena neno lile lile: kwa kaya. Mama na binti wakiugua pamoja, jambo linalotokea kwa saratani ya matiti kwa sababu nyingine hutembea kwenye damu ya ukoo, wanagawana. Rwanda nayo ilikuwa na bima yake ya jamii, mutuelle, iliyosambaa vijijini kwa miaka mingi, ndipo mwaka 2025 ikaamua kuingiza matibabu ya saratani. Hapa kwetu, watoto wenye saratani pale Muhimbili wamekuwa wakitibiwa kwa msaada wa taasisi ya Tumaini la Maisha, ambayo haikuishia kwenye dawa: ilitafuta na nyumba ya kuwalaza watoto na mama zao. Walijua tangu mwanzo kwamba mama asiye na pa kulala atamchukua mtoto wake na kurudi kijijini. Mtoto ana pa kulala. Bibi yake mwenye saratani ana godoro la Mbagala.

Kwa hiyo ombi letu kwa wanaoandika kanuni na vitita ni la kawaida kabisa. Kitita cha saratani kiwe na mstari wa nauli ya mgonjwa na msindikizaji, na mstari wa malazi kwa siku za mionzi. Siyo fedha mkononi kama mnaogopa wajanja. Iwe tiketi inayotolewa kwa barua ya rufaa, na kitanda katika nyumba za wageni za mashirika ya dini, ambazo zimejaa Dar na zinajua kuhudumia. Kadi ya mtu aliyethibitishwa kuwa na saratani isiishe muda mpaka daktari aandike amemaliza. Na kipimo kiletwe huku juu. Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii, hutafutwa kwa siki, pamba, taa na muuguzi aliyefundishwa; mabinti nao wanachanjwa tangu 2018. Hakuna sababu mwanamke wa Kibogwa au Kinole ashuke mjini kwa ajili ya siki. Maji ya Ruvu yanashuka kutoka milima hii hadi mabomba ya Dar bila kudaiwa nauli. Muuguzi mmoja kupanda kwa zamu siyo malipo makubwa.

Wengi wa wanaofika Ocean Road hufika wamechelewa, ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne, wakati tiba ni ndefu zaidi, ghali zaidi na matumaini ni kidogo. Kila shilingi ya bima itakayotumika kumwahi mtu Matombo inaokoa nyingi zitakazotumika kumhangaikia Dar. Hilo hata mhasibu asiye na huruma anaweza kulikubali.

Mama mkubwa alijua kwamba ninaandika. Hakunipa ujumbe wowote kuhusu bima, alisema hayo ya wakubwa nitajua mwenyewe. Aliniagiza niwaambie wanawake kitu kimoja. Uvimbe wake aliushika mwenyewe akiwa anaoga mtoni, mdogo kama punje ya hindi, na akakaa nao mwaka mzima na miezi. Hakwenda zahanati, hakwenda kwa mganga, hakumwambia mtu. Siyo kwamba aliogopa, na siyo kwamba alikosa nauli. Kipindi kile nauli ilikuwepo. Ni kwa sababu haukumuuma hata siku moja.